Kadi Mkononi, Nesi Yuko Wapi? Mjadala wa Bima ya Afya kwa Wote Katavi

Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Katavi una watu 564,604. Sensa ya 2022 ikawakuta 1,152,958. Hakuna zahanati iliyopangwa kwa kasi hiyo, wala bajeti, wala chuo. Walioongezeka si watoto tu, ingawa Katavi watoto wanazaliwa wengi. Wapo wafugaji walioshuka na ng'ombe kutoka Shinyanga na Tabora, wapo waliofuata ardhi ya mpunga upande wa Mpimbwe, wapo waliofungua mashamba ya tumbaku Nsimbo na Mlele, wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu kuzunguka Mpanda. Kitongoji ambacho juzi kilikuwa pori leo kina shule ya nyasi, kisima na makaburi.

Tarehe 2 Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wakati huo Watanzania takriban 15 tu katika kila 100 walikuwa na bima ya aina yoyote. Sheria imetungwa hasa kwa ajili ya wale 85 waliobaki, na wasio na uwezo miongoni mwao itawalipia serikali. Hao 85 wakianza kuingia mlangoni na kadi, ndani watamkuta nani?

Swali hilo nimelipeleka kwa sauti tano. Nimezitunga mimi, kwa hiyo hazina majina, lakini hoja zake zipo mtaani na vijijini kati ya Sitalike na Mishamo. Yupo Muuguzi wa zahanati ya kijiji. Yupo Mkulima, mzee wa tumbaku aliye mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati hiyo. Yupo Mhamasishaji anayezunguka kuelimisha watu wajiunge na bima. Yupo Katibu wa Afya wa halmashauri, ambaye kazi yake ni kuhesabu watumishi na kuwaomba wengine. Na yupo Tabibu kijana, mwenye diploma na leseni, asiye na ajira. Upande wangu nausema mapema: bima hii naitaka kwa moyo wote, na ndiyo maana naogopa kuiona inaanza bila watu wa kuibeba.

Mhamasishaji: Shikamoo mzee. Sista, poleni na kazi. Naomba nianze, maana hofu hii ya wagonjwa kufurika naona imekuzwa. Mama mjamzito kwa sera yetu anatibiwa bure. Mtoto wa chini ya miaka mitano bure. Mzee wa miaka 60 asiye na uwezo bure. Hao ndio wanaojaza mabenchi hata leo bila kadi. Sasa kadi itamleta nani mwingine? Kijana na mtu mzima wa makamo, ambao hawaugui kila mwezi. Ongezeko litakuwepo, ila si la kutisha.

Mkulima: Marahaba mwanangu. Umesema mtu mzima haugui. Anaugua, ila anasubiri. Huku kwetu ugonjwa wa mtu mzima unasubiri soko la tumbaku. Mtu ana ngiri mwaka wa nne, anaifunga kwa kitambaa anaenda kupalilia. Mama ana uvimbe tumboni, kila mwaka anasema nikilipwa nitaenda. Akilipwa, pesa inaenda kwenye mbolea aliyokopa na ada ya mtoto. Hao hawapo kwenye vitabu vya sista kwa sababu hawajawahi kufika. Wape kadi leo, uone kesho asubuhi.

Muuguzi: Na hao wanaotibiwa bure, hebu tuseme wanavyotibiwa. Mama analeta mtoto, nampima malaria kwa kipimo cha haraka kama kipo, bure kweli. Dawa ikiwa imeisha namwandikia akanunue. Safari ya pili haji kwangu. Anapita moja kwa moja duka la dawa muhimu, anaeleza dalili dirishani, anauziwa. Kadi ikimwambia kwamba na dawa zimeshalipiwa, atarudi zahanati. Ugonjwa wake ni wa siku zote, lakini kwangu atakuwa mgonjwa mpya.

Katibu wa Afya: Tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu. Chukua kijiji cha watu 5,000. Kila mtu aongeze hudhurio moja tu kwa mwaka kwa sababu ya kadi. Ni mahudhurio 5,000. Yagawe kwa siku 250 za kazi, unapata wagonjwa 20 zaidi kila siku. Mgonjwa mmoja mpe dakika 15, nazo ni chache. Zinafika saa tano. Zahanati inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, wagonjwa wa kawaida wanaisha saa tisa na nusu alasiri. Hizo saa tano natoa wapi, iwapo watumishi ni wawili na mmoja yuko kwenye chanjo vitongojini?

Jambo hili limeshatokea kwa majirani. Machi 2001 Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali. Wagonjwa wa nje waliongezeka kwa kasi, na maskini ndio walioongezeka zaidi. Hilo ni jema, tena jema sana. Lakini dawa ziliisha mapema, na watumishi, waliokuwa wakipata posho kidogo kutokana na yale malipo, wakajikuta na foleni ndefu na mfuko mwepesi. Mahitaji yalikuwepo siku zote, yamezuiwa na bei tu.

Mhamasishaji: Uganda walifuta malipo bila kuweka chanzo kingine. Bima ni kinyume chake, inaleta pesa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja zinaenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hata zahanati ya kijiji ina akaunti yake. Malipo ya bima yatapita njia hiyo hiyo. Mzee na kamati yake wakiwa na fedha, wanaajiri mtu kwa mkataba. Ndiyo maana nasema kadi kwanza, kwa sababu kadi ndiyo itakayomlipa huyo mtumishi mnayemtaka.

Muuguzi: Pesa hiyo haiingii kwa mgonjwa kuonyesha kadi. Inaingia kwa madai, na madai naandika mimi. Nimeshahudumia wanachama wa bima, kazi naijua. Jina, namba ya kadi, ugonjwa kwa namba yake, kipimo, dawa na kiasi, saini yangu, saini yake. Kikikosekana kimoja, dai linakatwa. Ukiandika dawa isiyoruhusiwa kwa ngazi ya zahanati, linakatwa. Bado kuna vitabu vya MTUHA, vya takwimu za huduma, ambavyo vyenyewe ni rundo. Mama ana uchungu chumba cha pili, mimi natafuta namba ya ugonjwa wa yule aliyetoka.

Katibu wa Afya: Rudi kwenye hesabu yangu. Wagonjwa 20 hao hao, kila dai dakika tano. Ni dakika 100, saa moja na dakika 40. Jumlisha na zile saa tano. Karibu siku nzima ya mtumishi mmoja imekwisha kwa ongezeko peke yake, kabla hujagusa kazi ya zamani.

Mhamasishaji: Mifumo ya kompyuta inakuja.

Muuguzi: Ije na umeme wake na mtu wa kukaa nayo. Nimesomea uuguzi na ukunga. Nileteeni karani wa bima, kijana wa kidato cha nne aliyefundishwa vizuri, nami nitarudi kwa wagonjwa. Huyo peke yake ni sawa na kunipa nusu ya muuguzi.

Hapa nasimama na Muuguzi moja kwa moja. Tunapojadili uhaba wa watumishi wa afya tunahesabu vichwa: wauguzi wangapi, madaktari wangapi. Saa zao hatuzihesabu. Zahanati ya wauguzi wawili ambayo kila mmoja anatumia theluthi ya siku kwenye makaratasi imebaki na muuguzi mmoja na kidogo. Karani wa bima hahitaji miaka mitatu ya chuo, na mshahara wake ni mdogo kuliko hasara ya madai yanayokatwa. Kama halmashauri za Katavi zina shilingi ya kwanza ya kutumia kwa maandalizi, iende hapo.

Tabibu: Mimi nasikiliza nikiwa na uchungu. Mnasema watumishi hawapo. Mimi ni nani? Nimemaliza diploma ya utabibu, nina leseni. Nimejitolea kituo cha afya mwaka mzima, bila mshahara, nikipewa nauli mwezi ukiwa mzuri. Asubuhi naitwa dokta, jioni napanda bodaboda nitafute hela ya kula. Tuliomaliza wote, wachache wamepata cheki namba ya mtumishi wa umma. Nafasi zikitangazwa tunaomba kwa maelfu.

Mkulima: Mwanangu, pole sana. Sasa Katibu, hili mimi sijalielewa toka lianze. Zahanati haina mtu, na huyu yupo, amesomeshwa. Nani amewazuia kukutana?

Katibu wa Afya: Mzee, mimi simwajiri. Napeleka ikama na bajeti, kibali kinatoka Utumishi, mgawanyo unapitia TAMISEMI, mshahara unatoka Hazina. Mwongozo wa ikama wa Wizara wa 2014 unataka zahanati iwe na watumishi 15 mpaka 20, na kituo cha afya 39 mpaka 52. Wewe ni mjumbe wa kamati, unajua mna wangapi. Kwa miaka mingi Wizara yenyewe imekuwa ikisema zaidi ya nusu ya nafasi hazijazwi. Ukaja uhakiki wa vyeti wa 2017, watumishi wa umma 9,932 wakaonekana na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Sibishani na uhakiki. Ila pengo lililobaki kwenye afya hatukulijaza kwa kasi ile tuliyowaondolea.

Mkulima: Na majengo mliendelea kujenga.

Katibu wa Afya: Tuliendelea. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi walichangia mawe, mchanga na nguvu zao. Jengo unaliona na unalizindua kwa siku moja. Mshahara wa muuguzi hauna siku ya kukata utepe, na unalipwa miaka 30.

Tabibu: Basi fedha za bima zituajiri sisi. Mhamasishaji amesema zahanati ina akaunti.

Katibu wa Afya: Zahanati moja haiwezi kubeba mshahara wako. Mwezi huu malipo yataingia, mwezi ujao yatachelewa, wa tatu yatakatwa robo. Utakaa miezi miwili bila kulipwa, utaondoka, na sitakulaumu. Napendekeza halmashauri ikusanye sehemu ya mapato ya bima ya vituo vyake vyote, iajiri kwa mkataba wa miaka mitatu, ipange watu kwa uwiano wa mahudhurio. Katavi ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe. Hata zikianza mbili, tutajifunza.

Mkulima: Pesa ya kijiji changu imlipe nesi wa kijiji kingine?

Katibu wa Afya: Ndiyo maana ya bima, mzee. Mzima anamlipia mgonjwa, na kijiji chenye wazima kinakibeba chenye wagonjwa. Mwakani zamu itageuka.

Mkulima alitikisa kichwa hapa, na sidhani kama aliridhika. Namwelewa. Wakonongo na Wapimbwe wa zamani, Wasukuma waliohamia, waliokuwa wakimbizi wa Burundi waliopewa uraia Katumba na Mishamo: mkoa huu umejengwa na watu waliofika kwa nyakati tofauti, na kuaminiana kwa vijiji hakuji kwa waraka. Hata hivyo Katibu yuko sahihi. Mtumishi anayelipwa na akaunti ya zahanati moja hana ajira ya kutegemea.

Nililotaka tulikalie zaidi ni hili linalofuata, kwa sababu Katavi tatizo haliishii kwenye kuajiri. Mtu anaajiriwa, anaripoti, kisha anaondoka.

Muuguzi: Nitasema kwa uwazi. Tuliripoti wanne kwenye halmashauri siku moja. Nimebaki mimi. Mmoja aliomba uhamisho wa kumfuata mwenza, akapata. Mwingine alikwenda kusoma, hakurudi. Wa tatu alifika kijijini, akaoneshwa nyumba yenye popo darini na mlango usiofunga, kisima kiko mbali, mvua za Novemba zikaanza, barabara ikakatika mpaka Aprili. Aliondoka kabla ya Krismasi. Ni msichana wa miaka 23, yuko peke yake, anaamshwa usiku na mtu anayegonga akisema mgonjwa yuko hapo nje. Atajuaje kama ni kweli?

Tabibu: Mimi nitakaa. Nimezaliwa Inyonga.

Muuguzi: Na ndiyo hoja yenyewe, mdogo wangu. Wewe utakaa. Mimi mwenyewe nimebaki kwa sababu mume wangu ni wa hapa.

Katibu wa Afya: Ushahidi unasema hivyo hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 kuhusu kuwabakiza watumishi wa afya vijijini unaanza na ushauri huo: wachukue wanafunzi waliokulia vijijini, wafundishe karibu na vijijini. Thailand walianza kuwataka madaktari wapya kutumikia vijijini tangu miaka ya 1970, wakajenga hospitali za wilaya, na 1994 wakaanzisha mpango maalumu wa kuwasomesha vijana wa vijijini udaktari kwa ajili ya kwao. Bima yao maarufu, ya baht 30 kwa kila hudhurio, ilikuja 2001. Wagonjwa walipofurika walikuta watu ndani.

Mhamasishaji: Thailand ilichukua miaka 30. Mgonjwa wa Majimoto asubiri miaka 30?

Katibu wa Afya: Asisubiri. Ila tuanze leo kile kinachochukua muda, badala ya kukiahirisha kila mwaka kwa sababu kinachukua muda.

Mkulima: Karema kulikuwa na daktari. Wazee wetu walimtaja sana. Atiman.

Mzee ameligusa jambo ambalo Katavi ingestahili kulifundisha shuleni. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akanunuliwa na kukombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Akaoa mwanamke wa huko huko. Alitibu watu hapo hadi alipofariki 1956, zaidi ya miaka 60 mahali pamoja. Hakuzaliwa Karema, kwa hiyo hoja ya "mtoto wa nyumbani" kwake haikuanzia kwenye kuzaliwa. Alipewa kazi yenye maana, mahali pa kuishi, familia na heshima ya watu, naye akawa wa hapo. Nauweka mfano huu mezani kwa sababu wapo wanaosema Karema ni mbali mno kwa mtaalamu kukaa. Mtaalamu alikaa, tangu wakati reli ya Mpanda haijajengwa na barabara ya lami haijaota hata kwenye ndoto.

Muuguzi: Alikuwa na misheni nyuma yake. Nyumba, chakula, dawa na watu wa kuongea nao. Nisiambiwe niwe na moyo wa Atiman halafu nilale na popo.

Katibu wa Afya: Umesema kweli. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanza 2006, ililiona hilo mapema. Walipeleka wataalamu wilaya zisizofikika kirahisi kwa mikataba na motisha, na wakajenga nyumba za watumishi. Sisi halmashauri tunajenga zahanati, nyumba ya mtumishi tunaiweka awamu ya pili, na awamu ya pili haifiki.

Mkulima: Kamati inaweza kujenga nyumba. Tofali tunachoma wenyewe. Mtuletee bati, saruji na fundi wa umeme. Tulijenga zahanati, nyumba itatushinda nini?

Mhamasishaji: Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii mbona hamuwataji? Mpango wao ulizinduliwa 31 Januari 2024, lengo ni 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Wanatoka vijiji hivi hivi, kwa hiyo hawahami. Hao ndio jibu la haraka.

Tabibu: Ni jibu la kazi yao, si la kazi yangu. Wasigeuzwe matabibu wa bei nafuu. Kadi inamwahidi mtu kipimo, utambuzi na dawa. Akikutana na mhudumu wa jamii peke yake, amekutana na mshauri.

Muuguzi: Mdogo wangu, usiwadharau. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayekunywa dawa kila siku, nani atamfuatilia nyumbani kama si wao? Mjamzito aliyekosa kliniki miezi miwili, nani atajua yuko kitongoji gani? Na hili la kadi, maelezo yote ya nani anaandikishwa, kadi imeisha lini, rufaa inaanzia wapi, waelezwe huko vitongojini kabla hawajafika. Leo nusu ya asubuhi yangu nakuwa mwalimu wa bima. Nikipata wahudumu wanaolipwa na kusimamiwa vizuri, nitapumua.

Katibu wa Afya: Tusisahau tulikotoka. Nchi hii ilikuwa na madaktari wasaidizi. Walianza kama matabibu vijijini, wakaongezewa mafunzo, wakarudi hospitali za wilaya. Utafiti uliochapishwa 2009 kutoka hospitali za Mwanza na Kigoma ulikuta kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa kabisa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na ubora wao ulikuwa sawa na wa madaktari. Mafunzo yale yamesitishwa. Madaktari wenye shahada ni wa lazima, lakini hatujawapata wa kutosha Inyonga wala Usevya, na ngazi iliyokuwa ikitubeba tumeiondoa kabla ya kupanda juu.

Sina hakika kama madaktari wasaidizi warudishwe kama walivyokuwa. Nina hakika kwamba Tabibu wetu wa Inyonga anahitaji kuona njia ya kupanda bila kulazimika kuhamia Dar es Salaam moja kwa moja. Ziara za madaktari bingwa zinazofika halmashauri kwa siku chache zina faida: wenye ngiri wa Mkulima wanapasuliwa. Ila bingwa akiondoka, kidonda kinabaki na muuguzi. Ziara hizo zingepangwa ziwe pia darasa, kila bingwa akiwa na watumishi wawili wa hapo pembeni yake mezani, Mpanda ingebaki na kitu kila wanapoondoka.

Mhamasishaji: Sawa. Nimesikia yote. Lakini bado hamjanijibu: tukisubiri nyumba, vibali, makarani na mafunzo, mama wa Mishamo atauza mbuzi wake mara ngapi ili atibiwe? Kadi inaokoa mbuzi huyo leo. Nyinyi mnazungumza kama watu ambao hawajawahi kumwona mtu akizuiwa kutoka wodini kwa deni.

Muuguzi: Nimemwona. Ndiyo maana nataka kadi. Ila nataka ifanye kazi mwaka wa kwanza.

Mkulima: Mwaka wa kwanza ndio kila kitu, mwanangu. Ile CHF, mfuko wa afya ya jamii, ilianzia Igunga, kwa jirani zetu Tabora, 1996. Ilipoboreshwa 2018 mimi nililipa shilingi 30,000 kwa kaya, watu sita. Nilikuwa wa kwanza kitongojini, nikawashawishi na wengine. Mke wangu alipougua tukaenda na kadi. Mtumishi alikuwa kwenye semina, dawa hakuna. Tukanunua dukani. Mwaka uliofuata sikulipa, na wale niliowashawishi hawakulipa, tena walinitazama vibaya. Pesa 30,000 ninayo. Nilichokosa ni sababu.

Maneno ya Mkulima ndiyo yaliyonielemea zaidi katika mjadala huu, kwa sababu yanaonyesha kwamba "kadi kwanza, mtumishi baadaye" haina huyo baadaye. Bima inaishi kwa watu kuendelea kuchangia, hasa wale wasio wagonjwa. Wazima wakiona kadi haifanyi kazi watatafuta njia ya kukwepa, hata kama sheria inawalazimisha, na mfuko utabaki na wagonjwa peke yao. Hilo tumeshaliona: Toto Afya Kadi ya Sh50,400 ilisitishwa kwa utaratibu wake wa zamani 2023, maelezo yakiwa kwamba wazazi wengi waliandikisha watoto waliokwisha kuugua. Kwa hiyo Mhamasishaji, ambaye anataka fedha ziingie, ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kumwona Muuguzi ameketi mahali pake siku kadi ya kwanza inapofika dirishani. Hoja yake ya mbuzi ni nzito, na jibu lake ni kuandikisha kwa kufuata vituo vilivyo tayari: zahanati ikishapata mtumishi wa tatu, karani na dawa za robo mwaka, kijiji chake kiandikishwe. Kaya zisizo na uwezo, ambazo serikali inazilipia, zisisubiri. Kwao kila siku ina gharama. Lakini kampeni ya kumwambia mkulima atoe fedha yake mfukoni ifuate ukaguzi wa mlango anaopelekwa.

Katibu wa Afya: Nikikubali hilo, nitatakiwa kutangaza kwamba vituo fulani haviko tayari. Unajua nitakavyopigiwa simu?

Mkulima: Tangaza. Nina ombi moja dogo, halihitaji kibali cha Dodoma. Ukutani pa zahanati bandika karatasi. Upande mmoja andika ikama: zahanati hii inatakiwa kuwa na watu 15, hawa ndio waliopo, hizi nafasi wazi, tuliomba lini, tumejibiwa nini. Upande mwingine andika fedha za bima zilizoingia na zilivyotumika. Kila robo mwaka, kamati isome mbele ya mkutano wa kijiji.

Mhamasishaji: Mzee, watu wakiona nafasi nyingi hivyo ziko wazi, nani atajiunga?

Mkulima: Wanazijua tayari. Wanakaa kwenye benchi, wanahesabu wenyewe. Wasichokijua ni kama kuna mtu anayezishughulikia.

Muuguzi: Na jina langu liandikwe. Wajue niko mmoja, ili nikiwa lebo na mama anayejifungua wasiseme nimelala.

Katibu wa Afya: Karatasi nitaichapisha Jumatatu. Vituo vya Manispaa kwanza, vya vijijini ndani ya mwezi. Tabibu, niletee nakala ya leseni yako. Ajira sikuahidi, sina mamlaka nayo. Ila orodha ya wahitimu wa hapa hapa wanaokubali kufanya kazi Karema, Inyonga na Mwese, hiyo sijawahi kuwa nayo, na kikao cha bajeti kitakapokaa nataka niwe nayo mkononi.

Tabibu: Tuko wengi. Utahitaji daftari.